Alama ya Biashara: Si Leseni, Si Jina la Biashara

Mteja akifika dukani na kusema, "Nipe Colgate," muuzaji huenda akamuuliza, "Ipi? Aquafresh au Close-Up?" Wanaelewana, maana kwetu Colgate imekuwa jina la dawa yoyote ya meno. Kisheria, hata hivyo, jina hilo ni la kampuni moja. Ni alama yake ya biashara, na kampuni nyingine haiwezi kuliandika kwenye dawa yake ya meno.

Alama ya biashara ni ishara inayomwezesha mnunuzi kutofautisha bidhaa au huduma ya mtu mmoja na ya mwingine. Inaweza kuwa jina, mchoro, herufi, tarakimu au mchanganyiko wa hivyo.

Wafanyabiashara wengi huichanganya na stakabadhi nyingine. Leseni ya kaunti inakuruhusu kuendesha biashara. Jina la biashara lililosajiliwa kupitia eCitizen linaonyesha biashara ni ya nani. Alama ya ubora ya KEBS inaonyesha kwamba bidhaa imetimiza viwango. Hakuna hata moja kati ya hizo inayokupa haki ya pekee ya kutumia nembo yako. Haki hiyo hutokana na kusajili alama katika taasisi ya KIPI, chini ya Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506.

Chukua mfano wa chama cha ushirika cha wafugaji nyuki. Kikitaka kusajili maneno "Asali Safi" pekee, kitakataliwa, kwa kuwa maneno hayo yanaeleza bidhaa tu na kila muuza asali anayahitaji. Kikibuni jina la kipekee, kwanza kiiombe KIPI ipekue daftari lake kuona kama kuna alama inayofanana nalo. Kisha kipeleke ombi katika kundi la 30, ambamo asali imo, kati ya makundi 45 ya bidhaa na huduma. Ombi likikubaliwa hutangazwa katika jarida la KIPI, na mwenye pingamizi hupewa siku 60 kuliwasilisha. Usajili hudumu miaka 10, na unaweza kufanywa upya kwa miaka 10 mingine.

Alama hiyo isajiliwe kwa jina la chama, si la mwenyekiti. Vinginevyo, siku mwenyekiti akiondoka, ataondoka nayo.

Asiyesajili anaweza kwenda mahakamani akiigwa, lakini itambidi athibitishe kwamba wateja tayari wanaitambua alama yake. Kwa biashara ndogo, kesi kama hiyo ni mzigo mzito. Vilevile, usichape alama ya ® kwenye lebo kabla ya kusajiliwa, kwani ni kosa kisheria.

Kabla ya kwenda kwa mpiga chapa, fanya upekuzi. Lebo zikishachapwa kwa jina la mwingine, hasara ni yako.