Glezi bila risasi: gharama iko kwenye tanuri

MFANYABIASHARA anayepeleka vyombo katika kata ya Matongo, Tarime, jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara, anajua kuwa jicho la mteja huvutwa kwanza na chombo kinachong'aa. Chungu cha asili cha Kanda ya Ziwa hakina mng'ao wa kioo. Husuguliwa kwa kokoto laini, huchomwa mahali pa wazi, na kikitiwa maji huvujisha kidogo.

Hapo ndipo mwekezaji mdogo anapoona nafasi: kutengeneza vyungu vyenye glezi, yaani utando wa kioo unaoziba vitundu vya udongo. Kabla ya kutoa fedha, ni vema ajue utando huo unatokana na nini.

Kwa nini risasi?

Kiungo kikuu cha glezi ni silika, iliyomo kwenye mchanga mweupe. Ikiwa peke yake huyeyuka kwenye joto linalozidi nyuzi 1,700 za Sentigredi, ambalo tanuri la kuni halifiki. Oksidi ya madini ya risasi huyeyuka kwenye nyuzi 888 na kuiyeyusha silika pamoja nayo. Ndiyo maana wafinyanzi wa Staffordshire, Uingereza, na wale wa Mexico waliizoea.

Hata hivyo, glezi hiyo ikichomwa vibaya, vitu vyenye uchachu kama ukwaju, ndimu na maziwa mgando huitoa risasi na kuingia nayo kwenye chakula. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto, ambao huathirika ubongo. Mfinyanzi naye huvuta vumbi lake. Kuyeyusha risasi ya betri chakavu ili kupunguza gharama ni hatari hiyo hiyo.

Njia tatu

Ya kwanza ni boraksi. Kwa kuwa boraksi huyeyuka katika maji, huchanganywa na silika, ikayeyushwa na kusagwa kuwa unga wa kioo uitwao friti. Glezi ya aina hii huiva kwenye nyuzi 950 hadi 1,050.

Ya pili ni kutumia madini ya feldspa, lakini yanataka joto la nyuzi 1,200 na zaidi, pamoja na udongo unaolistahimili. Kaolini ya Pugu, karibu na Dar es Salaam, ni malighafi inayofaa kuchanganywa.

Ya tatu ni kuacha glezi kabisa na kuuza chungu cha kusuguliwa kwa kazi yake: kupoza maji na kupikia.

Hesabu ya mwekezaji

Tuchukue mfano tu. Vyungu 100 vinagharimu sh. 2,000 kila kimoja, na friti inaongeza sh. 500. Jumla ni sh. 250,000. Vyote vikitoka salama, kila kimoja kimegharimu sh. 2,500. Vikiharibika 20, vilivyobaki 80 vinabeba gharama yote, yaani sh. 3,125 kila kimoja. Uharibifu umeongeza sh. 625, zaidi ya bei ya friti yenyewe.

Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye tanuri lililofungwa na kipimo cha joto. Moto wa wazi haulingani pande zote, na friti haisamehi kosa hilo kama risasi.

Historia inaonyesha kuwa ujuzi peke yake hautoshi. Mwaka 1820 John Rose wa Coalport, Uingereza, alipewa medali kwa glezi isiyo na risasi. Sheria ya kupiga marufuku risasi mbichi katika glezi nchini humo ilikuja mwaka 1947, miaka 127 baadaye.

Kwa anayenunua jumla

Mng'ao hauonyeshi kama chombo kina risasi. Dai cheti cha kipimo cha ISO 6486, ambapo chombo hujazwa asidi ya siki ya asilimia 4 kwa saa 24, kisha risasi iliyotoka hupimwa. Kwa vikombe, kikomo ni miligramu 0.5 kwa lita. Muuzaji asiye na cheti, mzigo wake uuzwe kama mapambo, si vyombo vya chakula.