Zumari la kuanzia: kosa nililofanya binti yangu alipoanza kujifunza kiriba

Aliyekaa Maskati hakosi kuisikia kiriba. Sherehe za taifa zikifika, bendi za jeshi hupita na mabomba yao begani, wanaume kwa wanawake, na wapo wanaopiga wakiwa juu ya farasi na ngamia. Chombo chenyewe ni cha Uskoti, na kilifika huku pamoja na maofisa wa Kiingereza. Lakini Waarabu hukiita qirba, neno lile lile lililotupa sisi kiriba, mfuko wa ngozi ambao wazee wetu walikuwa wakibebea maji.

Binti yangu ana miaka 9. Mwaka jana aliiona bendi ikipita, akanivuta mkono: "Mama, nami nataka ile." Tukampata mwalimu, mzee mmoja aliyestaafu jeshini. Sharti lake lilikuwa moja. "Mwanangu, usinunue kiriba sasa. Mnunulie chanta."

Chanta ni zumari la kujifunzia. Waliokulia Unguja au Lamu watalielewa upesi, kwani ni ndugu wa zumari letu la ngomani. Lina vipande viwili: cha juu unapulizia, cha chini kina matundu, na ndani umefichwa ulimi wa plastiki wenye bapa mbili nyembamba zinazotetemeka. Halina mfuko, na sauti yake ni ndogo, haiwaudhi majirani. Mwanafunzi hukaa nalo miezi sita mpaka mwaka, na wengi zaidi ya hapo, kabla ya kugusa kiriba yenyewe. Hata mabingwa hawaliachi, maana nyimbo mpya hujifunzia hapo.

Kosa langu lilikuwa hili. Marehemu baba alizaliwa Lindi, na nyumbani kwetu mpingo ulikuwa mti wa kusifiwa kila siku. Nilipoona dukani zumari refu la mpingo, jeusi linang'ara, na nikaambiwa kuwa viriba vizuri vya Uskoti huchongwa kwa mti huo huo unaotoka Tanzania na Msumbiji, sikuuliza tena. Nililipa riyali 70.

Wiki tatu mtoto alipuliza, zumari likawa linapiga kelele tu. Siku moja nikamkuta anailaumu mikono yake. "Mama, vidole vyangu vibaya." Nilimpeleka kwa mwalimu. Akamshika mkono, akacheka kidogo, akaniambia: "Vidole vyake havina neno. Umejinunulia wewe."

Basi haya ndiyo aliyonifundisha siku ile.

La kwanza ni mkono. Chanta ina matundu manane: saba mbele, moja nyuma la kidole gumba cha kushoto. Mkono wa kushoto hukaa juu, wa kulia chini, na tundu la mwisho kabisa ni la kidole kidogo cha kulia. Matundu hayazibwi kwa ncha za vidole. Vidole hulala vimenyooka, vikaziba kwa nyama yake. Kwa hiyo mwambie mtoto azibe matundu yote na apulize. Sauti ya chini kabisa ikitoka safi, zumari linamfaa. Ikikoroma au kupiga ukelele, huenda kidole kidogo hakifiki na pumzi inavuja. Yapo mazumari ya watoto, ya kawaida, na marefu. Refu linamfaa mtu mzima, kwa sababu nafasi za matundu yake zinakaribia zile za kiriba yenyewe. Pia yapo yenye matundu yaliyochimbwa kidogo pembeni, ambayo humsaidia anayeanza kuhisi mahali pa kidole.

La pili ni sauti. Chanta ina sauti tisa tu. Mwombe anayejua azipige zote kabla hujalipa. Sauti ya pili kutoka chini na ile ya juu kabisa lazima zipatane, kama baba na mtoto wanaoimba wimbo mmoja. Zisipopatana, sukuma ulimi ndani kidogo: sauti hupanda, hasa zile za juu. Ukiuvuta nje, zinashuka. Ikiwa hata hivyo hazipatani, liache. Mtoto atazoea sauti mbovu akidhani ndiyo yenyewe. Na ununue ulimi wa akiba, bei yake ni ndogo.

La tatu ni pumzi. Mtoto aweze kushika sauti moja sekunde kumi bila kizunguzungu. Akishindwa, huenda ulimi ni mgumu mno, mwalimu ambadilishie.

La nne ni hali ya hewa yetu. Mti hupasuka unapotolewa kwenye kiyoyozi kikavu na kuingizwa ndani ya gari lililochemka kwa jua la Julai. Plastiki ngumu haina taabu hiyo, na huoshwa kwa maji ya vuguvugu. Kwa anayeanza, sauti yake inatosha kabisa. (Mazumari ya mapambo yanayouzwa kwa watalii mengi hayana sauti za kweli, hata yakiwa ya mti.)

Tulinunua la mtoto, la plastiki, riyali 28. Siku ile ile sauti ya chini ilitoka. Alinitazama kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyepuliza, akairudia mpaka bibi yake akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Zumari la mpingo limo kabatini, nimelifunga kwa kitambaa. Kila mwezi binti yangu hulitoa akapima kidole chake kidogo. Bado kinapungua kama upana wa ukucha. Nimemwambia asiwe na haraka.