Busta ya breki kwa Land Rover ya zamani: mambo ya kujua kabla ya kumwita fundi

Katika mashamba ya Kesses bado kuna Land Rover zenye umri mkubwa kuliko madereva wake. Baadhi ni za miaka ya 1960, na nyingine ziliunganishwa Thika katika kiwanda kilichojulikana zamani kama Leyland Kenya. Alfajiri zinabeba maziwa, msimu wa kupanda zinabeba mbegu na mbolea, na wakati wa mavuno zinajazwa mahindi. Wenyewe huzisifia kwa kila kitu ila breki. Gari likiwa na magunia, barabara ya maramu imenyeshewa na mbele kuna mteremko, dereva hulazimika kukanyaga pedali kwa mguu mzima, karibu ainuke kitini.

Si kwamba gari limeharibika. Land Rover za Series I, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1948, na za Series II zilizofuata mwaka 1958, kwa kawaida zilitoka kiwandani bila kifaa cha kuusaidia mguu. Kifaa hicho ndicho mafundi wetu wanakiita busta, na wengine servo. Kilizoeleka zaidi katika Series III, iliyoanza mwaka 1971, hasa zile ndefu za inchi 109. Gari la zamani linaweza kuwekewa busta, na ikiwekwa vizuri dereva mwenye mwili mwepesi ataweza kulisimamisha bila kuhangaika. Lakini kuna jambo ambalo mwenye gari anafaa kulielewa kabla ya kutoa pesa: busta haiongezi breki, inaongeza nguvu ya mguu tu. Kinachosimamisha gari bado ni layini zinazosugua dramu, na tairi zinazoshika barabara.

Busta ni kopo la chuma lililogawanywa katikati kwa kiwambo cha mpira. Injini ya petroli inavuta hewa kutoka upande mmoja wa kopo kupitia paipu. Ukikanyaga pedali, vali ndogo inafunguka na hewa ya kawaida inaingia upande wa pili. Hewa hiyo inasukuma kiwambo kuelekea upande usio na hewa, na kiwambo kinasukuma masta silinda pamoja na mguu wako. Nguvu yote ya busta inatokana na tofauti ya hewa ya pande hizo mbili.

Hapo ndipo sisi wa nyanda za juu tuna habari yetu wenyewe. Kesses iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa huku ni kama robo tatu tu ya ule wa Mombasa. Busta ile ile, kwenye injini ile ile, itasaidia mguu kidogo zaidi Mombasa kuliko hapa. Fundi anayetumia geji ya vakyumu pia akumbuke hilo. Vipimo vingi vilivyo kwenye vitabu vya magari ni vya usawa wa bahari, ambako injini nzima ya petroli ikinguruma polepole husoma takribani inchi 17 hadi 21 za zebaki. Kila ukipanda mita 300 hivi, unapoteza karibu inchi moja. Kwa hiyo injini inayosoma 12 au 13 hapa kwetu inaweza kuwa nzima kabisa, na mwenye gari hana sababu ya kuuziwa ringi na vali mpya kwa kipimo hicho peke yake.

Kama gari lako ni la dizeli, hesabu ni nyingine. Injini ya dizeli kwa kawaida haina kilango cha kubana hewa inayoingia, kwa hiyo haitoi mvuto wa kutosha wa kuendesha busta. Itahitaji pampu ya vakyumu. Land Rover nyingi za zamani zimeshawekewa injini za dizeli za Kijapani, na nyingi ya injini hizo huwa na pampu hiyo nyuma ya altaneta. Angalia kama bado ipo na kama paipu yake ya oili haijazibwa na mtu aliyeona haina kazi.

Kazi yenyewe isianzie kwenye busta. Ianzie magurudumuni. Fungua dramu zote nne. Layini zikiwa zimelowa mafuta ya difu, silinda ya gurudumu ikivuja, au dramu ikiwa imelika, busta itaukuza ubaya huo. Gari lililokuwa likivuta kidogo kushoto ukifunga breki sasa litavuta kwa nguvu, na kwenye maramu yenye utelezi hapo ndipo linapoingia mtaroni. Badilisha paipu za mpira zilizopasuka na paipu za chuma zenye kutu, kwa sababu presha ndani yake itakuwa kubwa kuliko zamani. Ukikamilisha hayo na kuziseti layini vizuri, huenda ukaona pedali imekuwa nzuri kiasi kwamba pesa ya busta inaweza kusubiri. Hiyo pia ni faida.

Kuna njia mbili za kuiweka. Ya kwanza ni kutumia busta ya Series III. Ihamishe pamoja na kisanduku chake cha pedali na masta silinda inayolingana nayo, kwa sababu urefu wa wenzo wa pedali umepangwa kwa vifaa hivyo. Kukata pedali ya zamani na kuichomelea ili ifikie busta si njia ya mkato. Chuma hicho kikikatika, huna breki. Njia ya pili ni busta ya kando, ambayo hufungwa popote penye nafasi na kuunganishwa katikati ya paipu ya breki. Ni rahisi kuiweka, ila mfumo wenye paipu mbili zinazojitegemea, za mbele na za nyuma, hauwezi kusaidiwa wote na busta moja ya aina hiyo.

Kosa dogo linaloleta hasara kubwa liko kwenye fimbo inayotoka kwenye busta na kugusa masta silinda. Lazima pabaki upenyo mdogo sana. Fimbo ikizidi urefu, breki hazitaachia zote. Dramu zitapata moto, na baada ya kilomita chache gari litajifunga lenyewe. Paipu ya vakyumu nayo iwe ile iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, yenye vali ya njia moja. Paipu ya kawaida ya maji hujibana injini inapovuta, na busta inakosa nguvu bila wewe kujua.

Kazi ikiisha, mwenye gari anaweza kuipima mwenyewe bila spana. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara tano hadi iwe ngumu. Endelea kuikanyaga, kisha washa injini. Pedali inafaa kuzama kidogo chini ya mguu. Isipozama, busta haifanyi kazi. Halafu zima injini, subiri dakika chache, na ukanyage tena: mara moja au mbili za kwanza zinafaa kuwa laini bado. Ukisikia hewa ikivuma karibu na pedali, au injini ya petroli ikianza kutetemeka inaponguruma polepole, kuna mahali panapovuja.

Kipimo hicho cha pili kinaeleza pia kwa nini hakuna mtu anayefaa kuteremka na frii akiwa amezima injini ili kuokoa mafuta. Unabakiwa na msaada wa kukanyaga mara mbili au tatu tu, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe, na mguu uliozoea ulaini hautarajii hilo. Ukishuka kutoka Timboroa kuelekea Salgaa, au ukiteremka kuelekea bonde la Kerio, ingiza gea ndogo mapema. Dramu zikishapata moto hushika vibaya, na busta haizipozi.

Ukaguzi wa magari si kazi ya serikali ya kaunti, bali ni wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, ambayo ina kituo Eldoret. Gari lililobadilishwa mfumo wa breki ni vyema likapimwe huko kabla ya kurudi kubeba mizigo.

Wiki ya kwanza angalia kopo la mafuta ya breki kila asubuhi. Yakipungua na huoni tone lolote chini ya gari wala kwenye magurudumu, na moshi mweupe unatoka kwenye egzosi, masta silinda inavujia ndani ya busta na injini inayanywa mafuta hayo. Liegeshe gari hapo hapo na umwite fundi aje alipo.