ASANTE FUNDI! NENO DOGO LINALOMSIMAMISHA MTU

Mwezi huu tunazungumza juu ya kazi ambayo haina ofisi wala mshahara hapa kambini: kutengeneza magitaa yaliyovunjika. Wanaoifanya si mafundi wa kusomea. Wamejifunza kwa kujaribu, na jioni ndipo watu huwabishia hodi.

Kwetu sisi wa kandokando ya Tanganyika gitaa si kitu kigeni. Kule Minago, kwa wavuvi wa Rumonge, muziki wa Congo ulivuka ziwa kama samaki walivyovuka. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda huko Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, na wimbo wake "Masanga" ukafika mbali. Alikuwa na gitaa moja kavu, lisilo na umeme. Basi hata kambini, gitaa moja linatosha kukusanya watu.

Shida ni kwamba gitaa ni mbao nyembamba na gundi. Nyuzi sita za chuma zikikazwa huvuta kwa nguvu inayozidi kilo 60, mchana na usiku. Ongeza joto la hema, ongeza safari. Mwaka 2015 maelfu ya Warundi walikwama Kagunga, ufukweni, mpaka meli ya Liemba ilipowachukua kwenda Kigoma. Gitaa lililopita njia ile, halafu likakaa miaka chini ya kitanda, lazima litapasuka mahali.

Jirani yetu mmoja, mzaliwa wa Minago, alikuwa mvuvi. Hapa hakuna ziwa, na mikono yake ikakosa kazi. Alikuwa anakaa tu mlangoni, hata kuongea haongei sana. Siku moja kijana wa kwaya akamletea gitaa, kile kipande cha mbao kinachoshika nyuzi kimeng'oka.

"Mzee, nasikia ulikuwa unatengeneza mitumbwi. Hebu niangalizie hili."

"Mwanangu, mtumbwi si gitaa."

"Lakini vyote si mbao, mzee?"

Akalipokea. Kwanza alilegeza nyuzi zote. Akakwangua gundi ya zamani kwa wembe, maana gundi mpya haishiki juu ya ile kuukuu. Akapaka gundi ya maseremala, akakaza kwa mpira wa ndani wa baisikeli uliokatwa vipande virefu, akaliacha mpaka kesho yake jioni.

Kijana alipolipiga, hakusema "asante" halafu basi. Alisema: "Mzee, ule uzi mnene ulikuwa unalia kama bati. Sasa unaongea." Akarudia wimbo mara mbili, majirani wakatoka nje kusikiliza. Mke wa mzee anatuambia usiku ule mume wake aliongea hadi taa ikazimika.

Kwa nini neno dogo lina nguvu hivyo? Sisi wakimbizi tumezoea kupokea: unga, sabuni, blanketi. Kila siku ni sisi tunaosema asante. Siku mtu anapokuambia wewe asante, unakumbuka kwamba nawe una kitu cha kutoa. Kadi ya chakula inahesabu watu wa nyumba yako, lakini haiandiki unachoweza kufanya.

Hata hivyo tuseme ukweli: shukrani hainunui gundi. Wapo wanaoleta gitaa, wanalichukua kimyakimya, kesho wanalalamika kuna alama ya gundi. Hiyo inavunja moyo kuliko kukosa pesa. Tunashauri hivi: mwenye gitaa alete gundi na nyuzi, fundi alete mikono. Mkikubaliana mapema, hakuna ugomvi.

Na unaposhukuru, taja kazi yenyewe. "Mungu akubariki" ni baraka njema, lakini ongeza: shingo imenyooka, ufa hauonekani, sauti imerudi. Hapo fundi anajua umeangalia kweli. Wazazi, wafanyieni hivyo na watoto wanaoshona mpira wa makaratasi au kuunda gitaa la kopo. Mtoto aliyesifiwa kwa kazi ya mikono yake kesho ataamka kuifanya vizuri zaidi.

Je, katika mtaa wako kuna fundi wa namna hii? Leo jioni mpitie, umwambie kazi yake unaiona.