Mugonjwa wa Sukari Asitupe Sindano

Ninyi wa Banalia munakumbuka meningiti ya mwaka 2021. Ilikuja, ikaua watu zaidi ya 100, wengi wakachanjwa, ikaisha. Lakini kuna ugonjwa wa sukari unaoshika watoto na vijana, na huo hauishi.

Muhogo, ndizi na wali tunavyokula vinageuka sukari ndani ya damu. Nyuma ya tumbo kuna kongosho, inatoa insulini, na insulini ndiyo inafungulia ile sukari mulango iingie mwilini. Ikikosekana, sukari inatoka na mukojo. Mutoto anakunywa maji bila kushiba, anakojoa usiku kucha, anakonda hata akila. Jirani watasema amelogwa. Hapana! Apimwe siku ile ile, maana akianza kutapika na kupumua kwa nguvu, kifo iko karibu.

Watu wazima wengi wanatunzwa kwa vidonge. Mutoto huyu, vidonge havimusaidii. Zamani alikufa tu. Januari 1922, kule Toronto, Kanada, kijana Leonard Thompson wa miaka 14 alipigwa sindano ya insulini wa kwanza. Akaishi miaka 13 tena.

Sasa, wachungaji wenzangu, munivumilie. Mugonjwa akiombewa na kusikia nguvu, wengine wanamuambia atupe sindano ili aonyeshe imani. Mimi ninakataa. Nguvu ile ni sindano ya jana ingali kazini. Akiiacha, siku chache tu zinatosha kumuzika. Hezekia aliomba, Mungu akamujibu, na bado Isaya akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu (2 Wafalme 20). Tuombe, na sindano iendelee.

Frigo hakuna? Chupa ambazo hazijafunguliwa zibaki kituo cha afya penye frigo. Ile unayotumia, ifunge ndani ya nailo, uitie katika chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, muchanga katikati, umwangie maji asubuhi na jioni, kivulini penye upepo. Haitakuwa baridi kama frigo, lakini jua halitaiua. Ikishafunguliwa, isipite majuma 4. Barafu nayo inaiharibu.

Na wewe kijana wa machimbo, usipige sindano halafu ushuke shimoni na njaa. Wenzako wajue: ukitetemeka, ukitoka jasho baridi, ukiongea kama mulevi, wakupe maji ya sukari mbio, kama ungali unaweza kumeza. Ukizimia, wasikutie kitu kinywani; wakupeleke kwa munganga.