Haichaji, Haichajiwi, Haichajiki: Lugha ya Betri ya Gari na Vipimo vya Volti

Katika maandiko tuliyopata kuletewa ili tuyasahihishe lugha, lilikuwamo daftari la matengenezo la gari la ofisi moja. Katika muda wa miezi minne sentensi ile ile ilikuwa imeandikwa mara mbili: "Betri mbovu, inunuliwe mpya." Betri zikanunuliwa. Gari lilipogoma kuwaka kwa mara ya tatu, fundi aliyeitwa hakuitazama betri peke yake. Alichukua mita, akapima, akakuta kwamba kilichoharibika ni altaneta. Hesabu ya fedha zilizopotea si kazi yetu. Lililotushughulisha sisi ni lile neno "mbovu", ambalo lilitiwa sahihi na wakubwa wawili bila ya yeyote kuuliza lina maana gani.

Si kwamba lugha ya gereji ni maskini. Mafundi wetu husema betri "haina moto", "imekufa", "imelala", au kwamba chaji "haipandi". Kuuita umeme "moto" ni mazoea ya siku nyingi, nasi hatuna sababu ya kuyakataza. Ila mfasiri wa kitabu cha maelekezo, au mwalimu wa ufundi, hana budi kutambua kuwa neno hilo moja limebeba mambo matatu: chaji, volti na mkondo. Tuchukue mfano wa pipa la maji lenye bomba chini yake. Chaji ni maji yaliyomo pipani. Volti ni nguvu ya msukumo wa maji hayo. Mkondo, ambao hupimwa kwa ampea, ni wingi wa maji yapitayo bombani kwa wakati fulani. Maji yakipungua pipani, msukumo nao hupungua kidogo. Kwa sababu hiyo mtu anayepima volti huweza kukisia chaji iliyosalia, ingawa chaji yenyewe hakuipima.

Kiswahili kina hazina nyingine ambayo twaona haijatumiwa vya kutosha, nayo ni mnyambuliko wa kitenzi. "Altaneta haichaji" ni kauli ya kutenda: mtendaji ameshindwa kazi yake. "Betri haichajiwi" ni kauli ya kutendwa: betri haipokei kitu kwa sababu hakuna anayeipa, na huenda yenyewe haina kosa lolote. "Betri haichajiki" ni kauli ya kutendeka: betri inapewa, lakini hali yake hairuhusu kupokea au kuhifadhi. Kwa viambishi viwili tu tumetenga hitilafu ambazo daftari lile lilizifunga katika neno "mbovu". Vipimo vitatu vya volti ndivyo vinavyotuambia kauli ipi itumike.

Kipimo cha kwanza ni cha betri iliyopumzika. Hapa kuna mtego wa istilahi unaowanasa wafasiri wengi. "Betri ya volti 12" ni jina la aina ya betri. Si kipimo cha betri iliyojaa. Betri hiyo ina seli sita, na kila seli ikijaa hutoa takriban volti 2.1, hivyo jumla yake ni kama volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.4 imebakiwa na kiasi cha robo tatu ya chaji, 12.2 ni nusu, na 12.0, ile ambayo mtu angeidhani kuwa ndiyo timamu, ni robo tu. Ikishuka chini ya 11.9, huhesabiwa kuwa imekwisha. Tazama jinsi nafasi ilivyo finyu: baina ya kujaa na kuisha haitimii hata volti moja. Basi anayeandika "hakikisha betri ina volti 12" amemwagiza dereva aridhike na betri iliyo karibu kuisha, na anayefuta nukta na tarakimu inayoifuata amefuta habari yote.

Kipimo hicho kichukuliwe asubuhi, kabla gari halijawashwa. Betri iliyotoka kuchajiwa huonyesha volti nyingi kuliko inavyostahili, kwa ajili ya chaji iliyokaa karibu na uso wa mabamba yake. Sisi tungependa kuiita "chaji ya juujuu". Asiyeweza kungoja huwasha taa kubwa kwa dakika moja au mbili, akazizima, akasubiri kidogo, ndipo akapima. Na ikitokea mita ikasoma karibu na 10.5 kwa betri iliyokwisha kuchajiwa barabara, hesabu ni nyepesi: toa 2.1 katika 12.6, utaona kuwa yaelekea seli moja imekufa. Hapo "haichajiki" ni neno la haki.

Betri iliyoachwa siku nyingi bila chaji ya kutosha nayo huishia huko huko. Salfeti ya risasi inayojitengeneza juu ya mabamba kila betri inapotumika hugeuka fuwele ngumu zisizoyeyuka tena kwa urahisi. Ndiyo maana "imeishiwa chaji" haifai kuandikwa "imekufa". Ya kwanza hurudishwa kwa kuchajiwa. Ikipuuzwa, huwa ya pili.

Kipimo cha pili huchukuliwa wakati wa kupiga starta. Mtu mmoja azungushe ufunguo, mwingine atazame mita iliyoshikwa kwenye ncha za betri. Volti zitashuka, na hilo si kosa. Lakini zisishuke chini ya 9.6 au karibu na hapo. Betri iliyosoma 12.6 ikiwa imepumzika, kisha ikaanguka hadi 8 mara starta inapovuta, ina msukumo wa kuonyesha tu, haina nguvu ya kazi; nayo hiyo yaweza kuitwa chakavu, maadamu starta yenyewe haijakwama. Betri isiyo na chaji isihukumiwe kwa kipimo hiki mpaka ichajiwe kwanza.

Cha tatu ni cha injini ikiwa inaunguruma. Altaneta nzima huipandisha betri hadi baina ya volti 13.8 na 14.7 hivi. Mita ikibaki pale pale ilipokuwa kabla ya kuwasha, au ikiendelea kuteremka taa zinapowashwa, betri haichajiwi. Lakini tusiharakishe kusema kuwa altaneta haichaji. Huenda mkanda unateleza. Huenda waya umelika, au ncha zimeota kutu: pima kwenye altaneta yenyewe, na ukikuta 14.4 pale na 13 kwenye betri, umeme unapotelea njiani na vyombo vyote viwili havina hatia. Zikizidi 15, kidhibiti volti, ambacho mafundi hukiita regyuleta, kimeshindwa kuzuia, na betri itachemka. Kuna pia hitilafu iliyojificha zaidi, nayo ndiyo iliyokuwamo katika gari la daftari letu. Altaneta huzalisha mkondo geu, na diodi zilizomo ndani yake huugeuza kuwa mkondo mnyoofu. Diodi moja ikifa, chaji huendelea kuingia, ila pungufu, na betri mpya huweza kuvumilia majuma kadhaa. Mita ikiwekwa kwenye alama ya mkondo geu, ikasoma zaidi ya nusu volti kwenye ncha za betri, diodi ndizo za kushukiwa.

Magari mengi ya miaka ya karibuni yana kompyuta inayopunguza volti za altaneta kwa makusudi betri ikishajaa. Kwa hayo, kitabu cha mtengenezaji ndicho kinachoamua, na mfasiri asijaze tarakimu za kichwani mwake.

Maneno mawili yanahitaji tahadhari kubwa zaidi, kwa kuwa kosa lake linaweza kumdhuru mtu. La kwanza ni "dainamo". Altaneta ilianza kushika nafasi ya dainamo katika magari madogo tangu mwaka 1960, lakini jina la zamani linaendelea kutumiwa na baadhi ya watu, na pamoja nalo desturi ya zamani ya kuchomoa waya wa betri injini ikiwaka ili kuona kama gari litazimika. Kwenye altaneta jambo hilo hupandisha volti ghafla na kuziunguza diodi, na pengine kompyuta ya gari. La pili ni "maji ya betri". Neno hilo hutumika kwa maji safi yaliyotoneshwa, ambayo huongezwa yanapopungua, na pia kwa asidi ya salfuriki iliyozimuliwa. Twapendekeza kila andiko rasmi liseme ama "maji yaliyotoneshwa" ama "asidi ya betri", na lile la mitaani lisiingizwe kabisa.

Kuhusu daftari, tulishauri safu ya "Ubovu" iondolewe, na mahali pake ziwekwe safu tatu za vipimo na moja ya maelezo. Dereva ataandika, kwa mfano: "Kabla ya kuwasha 12.1, wakati wa starta 10.2, injini ikiwaka 12.0. Betri haichajiwi, mkanda na waya vikaguliwe, kisha altaneta." Au: "Baada ya kuchajiwa usiku kucha 10.5, starta haikuzunguka. Betri haichajiki, inunuliwe mpya."