Mapigo ya Moyo Yasiyo ya Kawaida Hudhoofisha Misuli ya Moyo

Moyo wa mtu mzima aliyepumzika kwa kawaida hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Kwa siku nzima hufikia takriban mara 100,000. Kila pigo huanzishwa na umeme mdogo unaotoka sehemu ya juu ya moyo na kusambaa hadi chini. Umeme huo ukivurugika, moyo huenda mbio, huenda polepole mno au hupiga bila mpangilio.

Moyo kwenda mbio wakati wa kazi ngumu, hofu au homa si ajabu, kwani baadaye hutulia. Hatari ipo unapoendelea hivyo kwa wiki au miezi hata mtu akiwa amepumzika. Kati ya pigo moja na jingine, moyo hujaa damu na misuli yake hupata damu ya kuilisha. Mapigo yakifuatana upesi mno, nafasi hiyo hupungua. Misuli hudhoofika, moyo hutanuka na hushindwa kusukuma damu ya kutosha. Mgonjwa huishiwa na pumzi akipanda mlima au akilala chali, na miguu yake huvimba.

Aidha, vyumba vya juu vya moyo vikitetemeka badala ya kujikaza, damu inaweza kuganda humo. Bonge hilo likifika kwenye ubongo, husababisha kiharusi.

Habari njema ni kwamba misuli iliyodhoofishwa na mwendo wa kasi mara nyingi hupata nafuu mapigo yakidhibitiwa mapema.

Wakazi wanahimizwa kupima mapigo yao nyumbani. Keti utulie dakika tano, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono chini ya kidole gumba, kisha hesabu kwa sekunde 60. Yakizidi 100 kila unapopima, au yakienda ovyo, fika kituo cha afya kilicho karibu. Kipimo cha umeme wa moyo, yaani ECG, hakina maumivu. Mhudumu pia atachunguza visababishi kama shinikizo la damu, upungufu wa damu, ugonjwa wa tezi ya shingo, pombe nyingi na vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi.

Anayezirai, anayeumwa na kifua au kushindwa kupumua apelekwe hospitalini mara moja. Aliyepewa dawa asiache kuzitumia bila ushauri wa daktari, hata akijihisi amepona.